Kichwa cha Jumapili cha Ndelilio

Kwa miaka kumi na tisa Ndelilio alikuwa mwonja kahawa mjini Moshi: kwanza kwa chama cha ushirika, na soko huria la kahawa lilipokuja, kwa kampuni ya mtu binafsi iliyomvika koti jeupe. Vikombe themanini kwa siku. Anavuta funda kwa mlio wa ng'ombe kwenye mfereji, anatema kwenye ndoo, anatoa hukumu, na hukumu yake haina rufaa.

Nyumbani Old Moshi kahawa ilikuwa ada ya shule na mabati. Cha kunywa kilikuwa chai.

Shida ilikuwa Jumapili. Ibada ikifika kwenye mahubiri, kichwa kinamgonga mpaka anatoka nje, naye ni mzee wa kanisa. Mwaka 1997 wazee wenzake wakampa Jumapili moja ya mwisho. Akitoka tena kabla ya baraka, nafasi yake anapewa Eliufoo, ambaye husinzia, lakini husinzia akiwa ndani.

Ijumaa ya kuamkia Jumapili hiyo, mpwa wake Priska, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuja likizo.

"Shikamoo mjomba. Hicho kichwa ni kahawa."

"Marahaba. Mimi natema, mama."

"Ndoo haipati yote. Tone kwa tone, vikombe themanini, umeshakunywa. Sikia: ubongoni kuna viti vya uchovu. Uchovu ukikaa, unasinzia. Kahawa inawahi viti. Ubongo ukiona mgeni wake, uchovu, amesimama, unaongeza viti vingine. Wewe umeongeza viti kwa miaka kumi na tisa, una ukumbi wa harusi. Jumapili kahawa haiji, uchovu unaingia na ukoo wake wote, mishipa inatanuka, kichwa kinagonga."

"Kwa hiyo si mahubiri?"

"Si mahubiri."

Ndelilio alisikitika kidogo. "Dawa yake?"

"Kupunguza taratibu, wiki hadi wiki. Viti vya ziada vitaondolewa."

"Jumapili ni keshokutwa."

"Basi kunywa kikombe kabla ya ibada."

Jumapili alfajiri mkewe, Mama Sifael, alimkuta jikoni anachemsha kahawa. Akamtazama kama mtu anayekuta paa linang'olewa.

"Unakunywa ada, baba?"

"Naenda kanisani," akajibu, akamimina cha pili.

Mchungaji alihubiri dakika sabini. Kichwa cha Ndelilio kilitulia tuli. Baraka ilipotolewa, Eliufoo alizinduka, akamkuta bado amekaa palepale, mikono magotini.

"Ndugu yangu," Ndelilio akamnong'oneza, "leo nimeyasikia yote mpaka amina. Usingizi wako nimeusamehe."