Tambi Zilizorudi Nyumbani

Mama yangu alikuwa na sukari, lakini ukimuuliza alikuwa na kizunguzungu. Ukimkazia, alikuwa na uchovu wa safari, na safari yenyewe ni ya kutoka jikoni kwenda uani. Vidonge vyake alivificha ndani ya kopo la iliki, kwa hiyo kila alipovimeza alinukia chai ya harusini.

Hapa Bagamoyo, mtaani kwetu, mama ndiye mpishi. Hakuna hitima wala harusi ambayo hakuitwa kusimamia masufuria. "Wakijua tu nina sukari wataniambia pole," alinifokea. "Leo pole, kesho hawaniiti, keshokutwa wananisomea Yasini nami nipo hai!" Mimi nina mdomo, nikamwambia bora pole kuliko kukatwa mguu. Akanitupia mwiko.

Na la kukatwa sikulizua. Alikuwa na kidonda kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Kilianza kwa kujikwaa kizingitini, kikakataa kupona. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba sukari isiposhuka kidole kile kitaondoka, na kikiondoka huenda kisiondoke peke yake. Akamkataza na kufunga. Mama akamjibu kwamba yeye ameanza kufunga kabla daktari hajazaliwa. Njiani akaniambia, "Mtoto yule hata kuoa hajaoa, atajuaje miguu ya watu?"

Basi Ramadhani ikaingia, na Ramadhani kwetu ni sahani. Magharibi ikikaribia kila nyumba inapeleka futari kwa jirani, na sahani ya watu hairudi tupu. Tena futari bila kitu kitamu ni futari gani hiyo? Unapeleka tambi, unaletewa kaimati. Kukataa huwezi, mwenyewe atasema umemwonea kinyaa au unamdhania uchawi, na mtanuniana mpaka Idi ya kuchinja. Mama akawa anaonja tu, asije akavunjia watu heshima. Kaimati za jirani wa ubavuni, shoga yake tangu usichana na mshindani wake kwa mapishi, alizionja mpaka shira ikamtiririka kwenye kiwiko. Nilipomkodolea macho alisema, "Sili kwa raha mie. Nakula kwa adabu."

Siku moja zabibu zikatuishia. Mimi kwa haraka zangu nikatia karanga kwenye tambi, na nyingine nikaziunguza. Mama akachungulia sufuria, akashika kichwa.

"Karanga! Mtume! Nani kakufundisha kutia karanga kwenye tambi? Pwani nzima hii sijaona!"

Lakini adhana ilikuwa karibu, hapakuwa na muda wa kupika nyingine. Nikapakua, nikapeleka kwa jirani wa ubavuni, nikarudi macho chini kwa aibu.

Tumefuturu, tumeswali, tunajiandaa kwa tarawehe, tukasikia hodi. Alikuwa mwanamke wa nyumba ya nyuma yetu, kaleta sahani imefunikwa kawa. Tukamshukuru sana. Alipotoka, mama akafunua. Tambi. Zina karanga.

"Kumbe na wao wanatia karanga?" nikasema, najifanya mjinga, kicheko kimenibana mbavu.

Mama hakucheka. Alichukua punje moja akaisogeza kwenye taa. Ilikuwa imeungua upande mmoja, vilevile nilivyoiunguza mimi.

"Chakula changu," akasema, "kimekataliwa."

Akajitanda kanga, akabeba sahani, akatoka anachechemea. Mimi nyuma yake, mama tarawehe, mama tarawehe, wala hanisikii. Jirani wa ubavuni tulimkuta uani anaosha vyombo. Mama akamwekea sahani mbele ya magoti.

"Shoga, tambi zangu zina nini? Zina mchanga? Zina nywele? Sema nisikie!"

Jirani akaitazama ile sahani, akaguna. "Huyu wa nyuma naye! Nilidhani yeye mwenyewe atazila. Zina sukari, shoga. Mimi nimekatazwa. Mwaka wa pili huu."

Mama akamwinamia. "Na yeye kwa nini hakuzila?"

"Mumewe ana hayohayo. Tulikutana zahanati, Kerege huko. Mimi nimekwenda nisionekane hapa, naye kampeleka mumewe asionekane hapa. Tukajikuta benchi moja, tumejifunika mpaka puani, kila mtu anasingizia malaria."

"Na kaimati unazoniletea mimi kila siku?"

"Sasa ningepeleka wapi? Nikiacha kupika watu watauliza. Nikasema nikupe wewe, ndiye mzima peke yako mtaani hapa."

Nilicheka, wallahi, mpaka nikakaa chini. Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevua kandambili, ameunyoosha mguu kwenye mwanga. Kidole kile siku hizo hata mimi alikuwa hanionyeshi. Kilikuwa kimekuwa cheusi.

Jirani hakusema pole. Alisema, "Mwanamke mjinga wewe!" akaanza kulia. Mama naye akalia, na mimi kicheko kikanikauka palepale, nikaogopa kama mtoto.

Asubuhi tulimpeleka hospitali, jirani kamshika mkono huu, mimi ule. Kidole hatukukiwahi. Mguu tuliuwahi.

Aliporudi nyumbani wanawake wa mtaa wakajaa ukumbini kumjulia hali. Habari iliyoenea ni kwamba amekanyaga msumari. Msumari huo aliutunga jirani, kwa nia njema. Mama kakaa mkekani, mguu umefungwa bendeji, anaitikia pole za watu huku ameuma meno. Akaingia mama mmoja wa mtaa wa pili na sahani ya kaimati, zinang'aa shira. Nikainuka kuipokea kama ilivyo ada.

"Mrudishie," mama akasema.

Akausogeza mbele mguu wenye bendeji, kila mtu auone.

"Mwambie ahsante, amezipika vizuri, nazinusa tangu yuko mlangoni. Lakini mimi nina sukari. Hakuna msumari hapa. Ni sukari."

Nikasimama na sahani ya watu mkononi, sijui pa kuipeleka. Mwenyewe akanyoosha mikono akaichukua, wala hakununa. Kisha mwanamke mmoja karibu na mlango, ambaye nilidhani kaja kuchota umbea tu, akauliza kwa sauti ya chini kliniki ya sukari ni siku gani.

Mama akaupigapiga mkeka ubavuni mwake. "Sogea hapa," akamwambia, "na uache kunong'ona."