Mikoba ya Kwenda Granada

Mpaka leo sijui mikoba ile ingeuzwa kwa nani, maana mama yule hakuwa na mtu hata mmoja Hispania.

Nilikuwa kwenye foleni ya wakala wa mizigo, Jengo la Tianxiu. Mbele yangu mama mmoja, mfanyabiashara wa Mwanza, alikuwa akishindilia mikoba ya ngozi kwenye begi la bintiye, anayesoma chuo hapa Guangzhou. Kesho yake binti angesafiri na wanafunzi wenzake kwenda Granada, kutembelea mji wa kale na ngome yake.

“Begi liende nusu tupu?” mama aliuliza. “Wateja utawapata hukohuko.”

“Mama, nikizunguka na mikoba, ngome nitaiona saa ngapi?”

“Ukuta unautazama mara moja tu, umemaliza.”

“Bu yao, mama,” binti alisema, kwa Kichina kilekile tunachotumia kuwakatalia wauzaji, kisha akaweka kiganja juu ya begi.

Mkongomani nyuma yangu akacheka. “Maman, leo umepata mteja mugumu.”

Simlaumu mama. Nami nimekuwa nikija mji huu miaka mingi, na nikiulizwa ukoje, huishia kueleza maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu.

Mama akaacha kushindilia. “Haya. Lakini hiyo ngome uitazame vizuri, uje unisimulie.”

Ikaamuliwa begi liende na nguo tu. Mikoba aliitoa mama mwenyewe, mmoja mmoja, akaiingiza kwenye mzigo wake wa kwenda Mwanza.