Maneno ya Biasha Ukutani mwa Boma

Biasha alizaliwa upande wa Tunduru, kwa Wayao, lakini hakukulia kwao. Wauza watumwa walimnyakua shambani akiwa mdogo, wakamfikisha hadi ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Huko wamisionari wa Kiingereza walimkomboa, wakamlea kisiwani. Sista mmoja alimfundisha kushona, na kazi zikiisha aliwachezesha wasichana mchezo wa herufi: yeye hutaja herufi mbili tatu, nao watafute neno la Kiingereza lenye herufi hizo zote. Aliyeshindwa ndiye aliyeteka maji kesho yake. Biasha hakuteka maji mara nyingi.

Ndoa ilimleta Songea. Mumewe, Hironimus, alikuwa Mngoni aliyebatizwa na mapadre wa Kijerumani, fundi wa kuchonga mipini ya majembe. Walikaa Mfaranyaki pamoja na mama yake Hironimus. Mtoto hawakujaliwa, na nyumba ilikuwa kimya mno, basi Biasha akamfundisha mumewe mchezo wake. Hironimus aliupenda kupita kiasi. Neno asilolijua alilibuni tu kwa sauti ya kizungu, kisha akaapa kwamba lipo.

"Hilo halipo, wewe!" Biasha alicheka.

"Lipo. Ila Waingereza bado hawajalisikia."

Kisha zikaja habari za dawa ya maji kutoka mashariki: kwamba anayeinywa, risasi ya Mjerumani humgeukia maji. Hironimus alivua msalaba shingoni, akautundika ukutani.

"Na mapadre watasemaje?" Biasha alimuuliza.

"Mapadre hawachapwi viboko kwenye kazi ya barabara. Tunaochapwa ni sisi." Akaenda kunywa dawa pamoja na wenzake.

Dawa haikufua dafu mbele ya bombomu, bunduki ya Mjerumani iliyomimina risasi mfululizo. Waliosalimika walirudi wakichechemea, na askari wa Mjerumani wakawafuata nyuma, wakichoma maghala ya mahindi na ulezi. Hironimus alikamatwa vilimani, akapelekwa bomani na mnyororo shingoni.

Boma halikuwa na chakula cha kuwatosha wafungwa, kwa hiyo wake zao waliachiwa kuwapelekea. Biasha alipeleka uji wa ulezi. Kuonana hawakuonana, mlinzi alipokea chungu, naye Biasha akasimama nje ya ukuta akiita jina la mumewe. Hironimus aliitika. Mtu aliyengoja kunyongwa angemwambia nini mkewe? Mwishowe Biasha akasema, "Nipe neno lenye R na V."

Mnyororo ulilia ndani, kama wa mtu anayesogea ukutani.

"River," Hironimus alijibu.

"Maana yake?"

"Mto." Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake.

Tangu hapo, kila alipopeleka uji, walicheza. Wake wengine walisogea kusikiliza, ingawa hawakuelewa kitu, kwa sababu siku moja mtu mle ndani alicheka.

Askari mmoja mgeni, Sefu, aliyetoka pwani, akakitambua Kiingereza. "Mnapeana habari za Waingereza wa ng'ambo ya ziwa!" alifoka, akamkokota Biasha hadi kwa ofisa Mjerumani.

Ofisa alikijua Kiingereza. Alimsikiliza Biasha akieleza mchezo, akamtajia herufi mbili kumjaribu, akajibiwa papo hapo.

"Mchezo wa watoto," alisema kwa Kiswahili chake kizito.

Biasha akadhani amepona. "Basi nirudi kwake, bwana mkubwa?"

"Hapana. Leo mchezo, kesho habari. Kuanzia leo mwanamke yeyote asikaribie ukuta."

Yeyote. Wenzake walikuwa wamesimama nje na vyungu vyao mikononi walipoambiwa warudi. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, wakageuka.

Hironimus alinyongwa pamoja na wengine bila kuisikia tena sauti ya mkewe. Kosa lake lilikuwa vita, wala si maneno, lakini hilo nani angelisikiliza? Mama mkwe alirudi kutoka bomani, akaketi kizingitini.

"Umemuua mwanangu kwa mdomo wako," alisema.

Nafsi ya Biasha mwenyewe ilikuwa ikimwambia hivyo hivyo.

Njaa ikaingia. Maghala yalikuwa majivu, na mbegu hakuna. Biasha alizunguka porini akichimba ming'oko, mizizi ya mwituni, akaichemsha na kumlisha mama mkwe, ambaye alikuwa hana tena nguvu za kuinua mkono. Mama yule alikula uso ameugeuzia ukutani. Mara moja tu alimtazama mkwewe, mifupa imemtoka mabegani, akamwambia, "Kula na wewe."

Mama mkwe hakuishi hadi mvua. Biasha alichimba kaburi peke yake, kwani majirani waliobaki hawakutokea.

Alibaki Mfaranyaki, akilima kipande kidogo na kushonea watu nguo. Watu walipopata tena mavuno, baadhi ya wajane wenzake walianza kumsalimia njiani, mmoja mmoja. Wengine hawakumsalimia mpaka walipozikwa.