Madigadi ya Chini Katika Tope la Mbingu

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya mradi wa afya pale Ifakara, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikushika spana. Nilikuwa nimetoka mashamba ya miwa, fundi wa matrekta mwenye majivuno yake, nikidhani pikipiki ni baiskeli iliyotiwa petroli tu. Fundi Mkuu, mzee wa Kindamba asiyecheka ovyo, alinipeleka kwenye pikipiki moja akaniambia nikunje ngumi.

"Ipitishe hapo," akasema, akionyesha nafasi kati ya tairi la mbele na madigadi, ile kinga inayozuia tope lisimrukie dereva. Ngumi ikapita. "Basi hiyo itarudi nyumbani. Isiyopitisha ngumi, masika haitoki hapa. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Hujasikia. Utasikia ukiliona tope."

Nililiona. Tope letu la bondeni ni jeusi, la mfinyanzi, linanata kuliko ugali wa muhogo. Gurudumu linalibeba, linajaa chini ya madigadi, na nafasi ikiwa ndogo gurudumu linakwama ghafla na dereva anaruka mbele peke yake. Ndiyo maana kila mwaka kabla ya mvua tulikata vipande vifupi vya bomba la maji, tukavitia kwenye nati za madigadi kuiinua. Tuliviita bushi za masika. Kiwanda hakikutufundisha hilo, tulifundishwa na bonde la Kilombero.

Pikipiki za wakati ule zilikuwa na sura mbaya, nakiri. Tangi kama boga, taa ya duara, keria nzito ya chuma ya kufungia sanduku la baridi la chanjo. Lakini ukipiga kiki zinawaka, na kila nati unaifikia kwa mkono.

Aliyezipenda kuliko wote ni Kalisti, mchanjaji wa njia ya kutoka kijiji cha Mbingu hadi Mngeta, kijana wa Kipogoro mwenye mdomo. Aliingia karakana akipiga kelele: "Shikamoo fundi! Mchumba wangu amepona?"

"Marahaba. Amepona, ila amelalamika unamtesa."

"Mwambie avumilie, ndoa ndiyo hiyo!"

Nilikula kwake Sikukuu ya Krismasi zaidi ya mara moja. Mkewe, Mama Neema, aliniita shemeji, na mimi nilijiona shemeji kweli.

Kisha Fundi Mkuu akastaafu, nikakalia kiti chake, na miaka michache baadaye zikaja pikipiki mpya. Lo! Plastiki kila mahali, michirizi ya rangi ubavuni, taa iliyochongoka, na madigadi ya mbele imelikumbatia tairi kama ya pikipiki za mashindano ya lami. Vijana walishangilia. Kalisti naye alishangilia, akaacha nailoni ya dukani juu ya kiti isichafuke. Wahenga walikwishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nilimwita nikamwambia akunje ngumi. Hata kidole kilipita kwa shida. Njia yake ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, na mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Udzungwa.

"Tia bushi basi, fundi."

"Haziingii. Hii imeshikwa na plastiki yenyewe. Mpaka niikate."

"Ikate."

Nikaenda kuomba ruhusa kwa Meneja wa Usafirishaji, bwana wa makao makuu ambaye viatu vyake sikuwahi kuviona na tope. Nikamweleza kila kitu nilichowaeleza ninyi hapa.

"Fundi, hizi ni mali za wafadhili," akasema. "Wakija kupiga picha wakute zimekatwakatwa? Na garantii je? Waliozichora ni wahandisi."

"Wahandisi hao wamefika Mbingu, mheshimiwa?"

"Ukikata hata moja, huna kazi."

Nikamwomba basi Kalisti arudishiwe ile ya zamani. Zote za zamani zilikuwa zimekwisha kupigwa mnada.

Masika yalipokolea, Kalisti alitoka na sanduku lake la chanjo asubuhi, kina mama wanamsubiri Mngeta. Hakufika. Wakulima waliokuwa wakirudi kutoka mashamba ya mpunga walimkuta mbele kidogo ya Mbingu, kwenye daraja la magogo. Yeye alikuwa kwenye kijito, uso chini, na pikipiki juu yake. Maji yenyewe yalifika magotini tu. Jamani! Mtu mzima, kufa kwenye maji ya magotini.

Nilitumwa kuileta pikipiki. Nilipoipata jua lilikuwa limewaka siku mbili na tope chini ya madigadi limekauka kama tofali. Nililichokonoa kwa bisibisi huku nikilia waziwazi, wala sikujali nani ananitazama.

Meneja alisema, "Vijana hawa wanakimbia mno."

"Gurudumu halizunguki," nikamwambia. "Anakimbiaje?" Ile kazi aliyotishia kuninyang'anya hakuthubutu kuigusa.

Mwaka huohuo alikuja mjumbe wa kiwanda, kijana mpole, na picha za pikipiki zitakazofuata. Akatuuliza tunapenda rangi gani. Nikamwambia: jengeni inayopita topeni, madigadi juu, keria ya chuma, kiki isikosekane, plastiki wekeni kwa wanaoihitaji. Kiwanda kisichojua barabara ya mnunuzi wake kitafungwa, na msituambie hatukusema. Akatabasamu. "Mzee, watu wananunua kwa macho." Akaandika nyekundu.

Mimi nilistaafu na mgongo mbovu na ukali ambao wajukuu wanausema. Vijana mnaotengeneza bodaboda leo mnaniuliza pikipiki nzuri ni ipi. Nawaambia mtazameni anayeipanda, na njia anayoipita, ndipo muitazame yenyewe.

Juzi nilipita duka moja la pikipiki mjini hapa. Pikipiki mpya, tena za kiwanda kilekile, madigadi zimeinuliwa juu kabisa. Nikamuuliza muuzaji kwa nini wamebadilisha.

"Ndiyo fasheni ya sasa, mzee. Vijana wa mjini wanapenda ikae kama ya porini."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Neema. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamweleza nilichokiona na alichosema muuzaji. Ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kumbe kuinua ilikuwa inawezekana, shemeji?"

"Inawezekana, Mama Neema. Tangu zamani."

Akaendelea kupepeta.