Ndoo ya Somoe

Hapana, Hamisi, hapo umekosea, na sitanyamaza eti kwa sababu wewe ni binamu yangu mkubwa na niko kwako Mkomaindo nakula wali wako. Umesema goli la mkono nalo ni goli, mradi wageni wamefungwa wakarudi kwao. Wewe hukuwepo kijijini kwetu Newala nikiwa mdogo, msimu ule wa mabibo ya mikorosho, yameiva mpaka yanaanguka yenyewe, harufu yake tamu na kali imeingia hadi kwenye nguo. Ndipo walipokuja wasichana wa Msumbiji kushindana na wa kwetu. Walivuka Ruvuma maji yakiwa yamepungua, wakapanda mpaka kwetu kule juu. Lugha haikuwa shida, Kimakonde ni kilekile, wao wanachomekea Kireno tu. Shida ilikuwa maji. Kwetu kiangazi maji yalifuatwa bondeni. Mama zetu walishuka alfajiri, wakapanda na ndoo kichwani, wakawajazia wageni pipa zima la kunywa. Sasa wale ni watu wa kando ya mto, kwao maji ni kuinama tu na kuchota. Wakadhani pipa ni la kuoga baada ya safari. Walipokuja kutusalimia, wanang'aa, pipa lilikuwa tupu.

Mimi nilitaka wafukuzwe, na nilisema kwa sauti. Wakubwa walisema mabaya kuliko mimi. Aliyetunyamazisha ni mama yangu, shingo yake ikiwa bado inamuuma kwa ndoo za alfajiri: alisema hawakujua, na asiyejua hagombezwi mbele za watu. Halafu akawatania wageni kwamba wameoga jasho lake, kwa hiyo wakishinda, ushindi ni wake. Walipoelewa walichokifanya, msichana wao mmoja mrefu, Lurdes, alifunika uso kwa mikono.

Mashindano yenyewe yalikuwa mbio za ndoo. Unachota kwenye chemchemi bondeni, unapanda mbio mpaka uwanjani, ndoo kichwani, hushiki. Ndani ya ndoo kuna mstari uliokwaruzwa kwa msumari. Maji yakiwa chini ya mstari umeshindwa, hata ukifika wa kwanza. Zawadi ilikuwa doti ya khanga mpya. Dada yangu Somoe hakuwahi kushindwa mbio hizo, na siku ile kijiji kizima kilitaka awatie adabu wale waogaji. Nilimshangilia mpaka sauti ikakauka. Akatokea wa kwanza, Lurdes nyuma yake. Mjomba Bakari, ambaye ndiye alikuwa mwamuzi, alichungulia ndoo ya Somoe, akawatupia jicho watu, kisha akamwinua mkono. Vigelegele vikapasuka. Wageni watasema nini, wako ugenini na pipa wamelimaliza?

Somoe akautoa mkono wake. "Mjomba, chungulia tena. Maji yangu hayajafika."

"Nimeshaangalia, mwanangu. Yamefika."

"Niliyebeba ni mimi. Yamemwagika pale kwenye mawe. Mpe mwenzangu."

Nilimwita msaliti, mimi, ambaye mtu akimtazama tu vibaya dada yangu nilikuwa naokota jiwe. Mjomba akachungulia ndoo ya Lurdes, maji yamepita mstari, akampa khanga. Lurdes akaomba wembe, akaikata doti katikati, kipande kimoja akamfunga Somoe kiunoni kwa mikono yake.

"Umeniacha mbali, dada," akamwambia. "Bila ndoo nisingeona hata kisigino chako."

Uwanja mzima ukacheka, hata waliokuwa wamenuna. Ndoo zote zikamiminwa kwenye pipa, tukanywa pamoja, wao na sisi, kikombe kimoja kinazunguka.

Siku hizi bomba limefika kijijini na mbio za ndoo zimekufa. Lakini Somoe alipojifungua majuzi, Lurdes alivuka mto kuja kumkanda kwa maji ya moto, na mtoto wamempa jina la Lurdes. Sisi je? Tunakaa mbele ya runinga, mwamuzi akikosea kwa faida yetu tunaruka mpaka kwenye makochi, halafu tunaita huo uzalendo. Mimi siyo mpole, kila mtu Newala anajua, na timu yangu naipenda mpaka naugua. Ila nijibu, Hamisi, na wewe unayesoma pia: mwamuzi wa kwenu akikupa ushindi usio wako mbele ya mgeni, utafungua mdomo?