Viatu vya Mzee Ron kwenye boksi la Ufilipino

Ndugu zangu, leo nimemliza mtu mzima bila kukusudia.

Mzee Ron ni yule Mmarekani jirani yangu hapa ughaibuni, mtaa wa Fisksätra. Mkewe, Mama Luz, Mfilipino, tulimzika mwezi uliopita. Nimeenda kumsaidia kufunga boksi la nguo za marehemu, ziende kwa dada zake kule Ufilipino.

Ndani nikakuta viatu vya kiume. Nikasema moyoni, maskini, huzuni imemchanganya. Nikavitoa.

Akavirudisha.

Nikavitoa tena, nikamwambia kwa upole, "Mzee, hivi ni vyako."

"Najua, Dada. Vinatangulia."

Jamani! Kumbe anahama. Walipanga na mkewe kwenda kuzeekea huko, na sasa shemeji zake wamemwambia chumba kiko tayari, aje hata peke yake.

"Lugha yao siijui," akasema. "Lakini wao wananiita kaka. Hapa nani ananiita kaka?"

Hapo ndipo akalia.

Nami tangu niliposikia anahama nilikuwa na ombi moja tu, kwamba Mungu amzuie, abaki nasi. Tulipopiga magoti kuomba pamoja, sikuweza kulitamka. Nimemwombea afike salama.

Nyinyi mngeomba nini?