Kimashine chenye Moto wa Komwe

Mjukuu wangu kaletewa kimashine cha gemu kutoka sokoni Darajani. Mamake anasema ni cha bei nafuu, kimerahisishwa kwa ajili ya watoto wadogo. Kimetoka kuchajiwa, na moto wake kiganjani ni ule ule wa komwe.

Tulikuwa tukizisugua zile mbegu sakafuni mpaka zipate moto, tukachomana nazo, kisha tukachezea bao letu la mashimo ya mchangani. Bao la mbao lilikuwa la wakubwa. Siku moja mdogo wangu, hajafika hata umri wa chuo cha Kurani, kafungwa mchezoni. Kwa hasira akaitia komwe mdomoni.

"Mlafi wewe, tema!" tukamcheka.

Hakutema. Macho yalimtoka, midomo ikamgeuka zambarau.

Bibi yetu alitoka jikoni mbio, machicha ya nazi mikononi. Akamkamata miguu, akamning'iniza kichwa chini, akampiga mgongoni. Kimya. Akampiga tena. Komwe ikadondoka mchangani, ndipo kilio kikaja.

Hakutugusa. Kesho yake alitufukulia mashimo makubwa, akatumwagia makokwa ya embe yaliyokauka.

"Haya, mezeni na haya!"

"Bibi, nipe basi!" Mjukuu wangu sasa ananivuta kanga.

"Ngoja!"

Navivuta vitufe kwa kucha, kimoja kimoja. Nakipindua. Mfuniko wa betri umekazwa kwa skrubu. Nauvuta hata hivyo.

"Chukua. Lakini kaa hapa hapa, nikuone mdomo."